Ndia Kuu, maelfi weusi na Mzungu aliyekiandika Kimvita

Kuna jamaa yangu mmoja wa Kibokoni anayejua lugha ya watu wasiokuwepo. Sikutanii. Ukimkuta barazani jioni, simu mkononi na kikombe cha kahawa kando, atakuambia habari za maelfi weusi wa gemu ya Dungeons & Dragons. Ni viumbe wenye masikio ya ncha na ngozi nyeusi, wanaishi chini kabisa ya ardhi na wanaitwa Drow. Wana lugha yao ya mdomo na nyingine ya vidole, ya kunong'onezana gizani bila sauti. Wachezaji duniani kote wamekaa wakaiongezea maneno, wakatunga kamusi, wakabishana hata juu ya wingi na umoja. Jamaa yangu anajua maneno mengi tu ya lugha hiyo.

Siku moja nikamuuliza swali dogo. Barabara unayopita kila siku ukitoka Ngomeni kuingia Mji wa Kale inaitwa Ndia Kuu. Kwa nini ndia na si njia? Akacheka. Akasema labda aliyeandika kibao alikosea.

Hakukosea, ndugu yangu. Ndia ni Kimvita. Hivyo ndivyo kisiwa hiki kinavyosema tangu zamani. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, nchi ni nti, macho ni mato. Kibao cha barabara ndicho mwalimu wa mwisho aliyebaki, na sisi tunapita chini yake tukidhani ni kosa la tahajia.

Sitamcheka rafiki yangu, manake mimi mwenyewe nikiwa shule ya msingi niliandika ndia kwenye insha nikazungushiwa wino mwekundu. Niliona haya, nikaenda nyumbani nikaanza kumsahihisha bibi yangu. Fikiria. Mtoto wa miaka kumi anamwambia bibi kizee wa Mji wa Kale kwamba hajui Kiswahili.

Sasa leo nataka nikupe stori ya mtu mmoja aliyekufa zamani sana. Hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mjerumani, mwana wa mkulima. Lakini bila yeye maneno mengi ya bibi yako yangepotea bila hata kaburi. Anaitwa Johann Ludwig Krapf. Ulimsoma shuleni kwa mistari miwili, ukakariri kwamba aliuona Mlima Kenya, ukafanya mtihani, ukamsahau. Basi kaa, tuanze upya.

Kijana aliyeacha chuo

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 huko Derendingen, kijiji karibu na mji wa Tübingen kusini mwa Ujerumani. Nyumbani kwao walikuwa wakulima, si matajiri. Akiwa mvulana mdogo jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya. Akaumwa miezi kama sita, hatoki kitandani. Hakuwa na simu, hakuwa na gemu, alikuwa na Biblia na vitabu vichache tu. Alipopona alikuwa mtu mwingine. Kichwa kilikuwa kimejaa safari za manabii na nchi za mbali.

Shuleni alionekana haraka kuwa ana kipaji kimoja cha ajabu, lugha. Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, zote alizimeza. Kisha akaingia chuo cha wamisionari kule Basel, Uswisi. Na hapa, msomaji wangu, ndipo nilipoanza kumpenda huyu mzee. Aliacha chuo.

Ndiyo. Shaka ilimwingia, akaona pengine hiyo kazi si yake, akafunga virago akaondoka. Mimi pia niliondoka chuoni kabla ya kumaliza, na najua vile watu wanavyokuangalia ukirudi mtaani na begi. Tofauti ni kwamba Krapf baadaye alienda Chuo Kikuu cha Tübingen akasoma teolojia akamaliza mwaka 1834. Akapata kazi ya kanisa. Nayo haikudumu, kwa sababu alihubiri juu ya mwisho wa dunia kwa namna ambayo wakubwa wake hawakuipenda. Umri miaka ishirini na kitu, ameshaacha chuo kimoja na kazi moja. Ungemwona wakati huo ungesema huyu hana lake.

Mombasa haikuwa kwenye ramani yake

Mwaka 1837 shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, CMS, lilimpeleka Ethiopia. Akafika Adwa, kisha akaenda Shewa. Huko akajifunza Kiamhari, na akakutana na lugha iliyomteka moyo, Kioromo. Waoromo walikuwa wengi, wametapakaa eneo kubwa, na Krapf akajiaminisha kwamba anayewafikia hao ameshika ufunguo wa Afrika nzima. Akatafsiri sehemu za Injili kwa Kioromo.

Ethiopia ikamfungia mlango. Mwaka 1842 njia ya kurudi Shewa ilikuwa imezibwa. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich kule Aleksandria, Misri. Huyu Rosine hakuwa mke wa kukaa nyumbani akisubiri barua. Alifuatana na mumewe jangwani na milimani, akiwa mjamzito, na mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini kabla ya wakati wake akafa. Walimwita Eneba, maana yake chozi.

Basi Krapf akapiga hesabu mpya. Kama Waoromo hawafikiki kwa kaskazini, atawafuata kwa kusini, kupitia pwani ya Waswahili. Kwa hiyo sisi, Mombasa, tulikuwa njia ya mkato tu. Alikuja kwetu akiwa na nia ya kwenda kwa wengine. Na hao wengine hakuwahi kuwafikia kwa njia hiyo maisha yake yote.

Januari 1844 alitia nanga Unguja. Sayyid Said, Sultani, alimpokea na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi wa Mei Krapf na Rosine walikuwa wamehamia Mombasa.

Nataka uuone mji aliouingia. Mazrui walikuwa wameangushwa miaka saba nyuma, mwaka 1837, na bendera ya Sayyid Said ilikuwa inapepea Ngomeni. Muyaka bin Haji, mshairi aliyewatia moyo watu wa Mvita wakati wa vita na aliyejua kuficha neno ndani ya neno mpaka adui akapiga makofi bila kujua ametukanwa, alikuwa amefariki miaka michache tu iliyopita. Mashairi yake yalikuwa bado yako midomoni mwa watu. Bandarini majahazi yalikuwa yanasubiri msimu. Watu walikuwa wanaandika barua, hesabu na tenzi kwa herufi za Kiarabu.

Nasema haya kwa sababu utasikia watu wakidai kwamba Kiswahili kiliandikwa na wamisionari. Si kweli, usikubali. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728, karne nzima na zaidi kabla ya Krapf kushuka jahazini. Krapf hakutuletea kuandika. Alichofanya ni kitu kingine, na nitakueleza.

Wiki tano

Tarehe 8 Juni 1844, yaani mwezi mmoja na kitu tu baada ya kuhamia, Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Ajabu ni huyo aliyemsaidia. Alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali. Mkristo aliyetumwa kuhubiri na kadhi wa Kiislamu wamekaa pamoja, wanatafuta neno la kufaa kwa nuru, kwa giza, kwa maji. Kila mmoja anajua mwenzake anaamini nini. Kiarabu kiliwaunganisha, na Kimvita kikawa kazi yao. Sura tatu za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa baadaye Marekani.

Kisha homa ikaingia nyumba. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye mwenye kosa. Krapf akaanguka, Rosine akaanguka, naye alikuwa na mimba ya pili. Tarehe 6 Julai akajifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Rosine akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani, hana nguvu hata ya kumwangalia vizuri mkewe anavyokwenda. Siku mbili baadaye, tarehe 15, mtoto naye akafuata.

Hesabu mwenyewe. Kutoka siku alipoanza kutafsiri hadi siku alipomzika mkewe ni kama wiki tano.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya maji, kando ya njia, ili wapita njia wakiona kaburi wakumbuke kilichomleta. Akazikwa huko. Leo ukivuka kwenda Nyali, mnara wa ukumbusho na kaburi viko upande huo, katikati ya mji uliomea kuvizunguka. Wengi wanapita kwenda ufuoni au kununua vitu madukani hawajui wamelipita.

Krapf angeweza kupanda jahazi la kwanza akarudi kwao. Nani angemlaumu? Badala yake aliwaandikia wakubwa wake barua, akawaambia kwamba kaburi hilo ni alama ya kazi iliyoanza na si ya kazi iliyokwisha. Halafu akarudi kwenye daftari.

Jinsi ya kukamata lugha

Sasa turudi kwa maelfi weusi kidogo, usikimbie.

Mtu anayebuni lugha ya gemu au ya riwaya anaanza na chochote anachotaka. Mwandishi J. R. R. Tolkien, ambaye kwa taarifa yako alizaliwa hapa hapa Afrika, Bloemfontein, mwaka 1892, alianza na lugha za maelfi wake kwanza, ndipo akatafuta hadithi ya kuzipa makao. Akitaka neno la nyota analitunga. Akitaka wingi wake analitunga pia. Hakuna bibi wa kumwambia umekosea.

Krapf alikuwa na kazi ya upande wa pili. Lugha ipo, imejaa, inaenda mbio, na kila mtoto wa Mji wa Kale anaijua kuliko yeye. Kila neno anawaza: hii sehemu ya mbele inayobadilika ni nini? Kwa nini mtu anakuwa watu, mti unakuwa miti, kisu kinakuwa visu? Kwa nini neno la mbele likibadilika linaburuta maneno yote ya nyuma yake kama mama na watoto wake? Wewe haya uliyajua kabla hujaota meno yote. Yeye ilibidi ayachimbe moja moja, anauliza, anaandika, anarudi kwa mtu mwingine anauliza tena, anafuta.

Na sauti, je? Hapo ndipo Kimvita ni noma. Tamka paa la nyumba, kisha utamke paa mnyama wa porini. Kama umelelewa na wazee wa Mvita, unajua kwamba hayo si maneno yanayosikika sawa. La mnyama lina pumzi inayotoka mdomoni, la nyumba halina. Vivyo hivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Kwenye karatasi yanafanana, mdomoni ni mbali na mbali. Herufi za Kiarabu zilikuwa na taabu zake katika kuonyesha irabu na baadhi ya sauti zetu, na herufi za Kirumi nazo zikaja na taabu zake. Krapf alichagua za Kirumi, na uamuzi huo ndio ulioanza kufungua njia ya hivi unavyosoma sasa kwenye simu yako.

Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, naye Mjerumani kutoka upande uleule wa nchi. Wote wawili wakiwa wagonjwa wa homa walipanda Rabai, kwenye vilima vya nyuma ya Mombasa, wazee wa Rabai wakawaruhusu wakae. Hapo wakajenga. Kama hujawahi kwenda, nenda. Si mbali, nyumba zao zingali zimesimama, na kuna makumbusho.

Kama mhubiri, tuseme ukweli, Krapf hakuvuna sana. Miaka ikapita na waumini wakahesabika kwa vidole. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa karibu na kufa. Kwa hesabu za wakubwa wake wa London hayo yalikuwa matokeo duni. Lakini madaftari yalikuwa yanajaa. Mwaka 1850, akiwa Ulaya kwa mapumziko, akachapisha sarufi ya Kiswahili kule Tübingen, na pia kitabu cha msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki zikiwa zimepangwa pamoja, zikiwemo Kiswahili, Kikamba, Kipokomo na Kioromo. Alitaka wasomaji wa Ulaya waone kwa macho yao kwamba nyingi kati ya lugha hizi ni ndugu.

Theluji waliyomkatalia

Ile sehemu ya mlima unaijua, kwa hiyo nitakimbia. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi wa Wakamba, aliuona mlima mwingine wenye vilele viwili vyeupe. Akauliza jina, akapewa kwa matamshi ya Kikamba, akaliandika kama sikio lake lilivyolisikia. Katika mwandiko huo ndimo lilimotoka jina la nchi kwenye kitambulisho chako. Kenya ni neno la Wakamba lililopita kwenye sikio la Mjerumani.

London walimkatalia. Kulikuwa na bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga sehemu hizi, naye aliandika kwa miaka kwamba theluji chini ya jua la ikweta ni upuuzi. Unawajua watu wa aina hiyo. Wewe umetoka huko, umeona, na mtu aliyekaa kwenye kiti anakueleza kwamba hukuona.

Mwaka 1851 Krapf alirudi Ukambani. Safari hii karibu imuue. Karibu na mto Tana msafara ulivamiwa, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini bila chakula wala maji. Alipofika mtoni alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mtutu wa bunduki. Akatembea usiku, akajificha mchana. Na aliporudi kwa watu wa Kivoi walimlaumu, kwa nini yeye yuko hai na mzee wao amekufa. Alitoroka hapo akarudi Rabai akiwa mifupa mitupu.

Mwaka 1853 afya ilikataa kabisa, akaondoka pwani. Lakini si mikono mitupu. Mwaka 1854 miswada ya tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu aliyoikusanya aliipeleka kwenye maktaba ya wasomi kule Halle, Ujerumani, na ndani yake ulikuwemo Utendi wa Tambuka. Alirudi tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza Ribe, na mwaka 1867 akawa mkalimani wa jeshi la Waingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Ethiopia, hadi ugonjwa ukamrudisha. Baada ya hapo alikaa Korntal, mji mdogo wa kwao, na kitu kimoja mezani: kamusi.

Kamusi bila mwenyewe

Fikiria huyo mzee. Nje kuna theluji, na yeye anaandika maneno ya Mombasa. Anaandika jina la samaki, la sehemu ya jahazi, la aina ya nazi, la desturi ya arusi. Zaidi ya miaka 25 imepita tangu aondoke pwani kama mkaazi, lakini kila asubuhi anarudi Mvita kwa kalamu. Hakuandika maana fupi fupi tu, alitia methali, imani na namna watu walivyoishi.

Tarehe 26 Novemba 1881 walimkuta amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka 1882. Hakuishika mkononi.

Na sasa tunafika mahali panaponiuma.

Kamusi ya Krapf ilisimama juu ya Kimvita. Lakini Unguja kulikuwa na mtu mwingine hodari, Edward Steere, aliyefika huko mwaka 1864 na kuandika kwa Kiunguja. Kwa njia, Steere katika kitabu chake cha sarufi aliweka hata mifano ya kinyume, ile lugha ya kuficha ambayo unachukua silabi ya mwisho unaileta mbele. Mombasa inakuwa samomba, nyumba inakuwa mbanyu. Kwa hiyo ukidhani watoto wa Sheng ndio wa kwanza kugeuza maneno wazazi wasielewe, kumbe pwani mchezo huo ulikuwa mkongwe hata karne ya kumi na tisa.

Basi kukawa na Kiswahili cha vitabu cha aina mbili. Mombasa wanachapisha chao, Unguja wanachapisha chao. Serikali za kikoloni zikataka kimoja cha mashule ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Mwaka 1928 mkutano ukaitishwa. Wapi? Hapa hapa Mombasa. Hata profesa maarufu wa lugha za Kibantu, Carl Meinhof, alikuwepo. Waliosimama upande wa Kimvita walikuwa na hoja nzito, kwamba hii ndiyo lahaja ya Muyaka na ya ushairi. Lakini Kiunguja kilikuwa kimeshasafiri na misafara ya biashara hadi Ziwa Tanganyika na Kongo, kikaeleweka na wengi zaidi. Uamuzi ukaenda kwa Kiunguja. Mwaka 1930 kamati ya lugha ikaanza kazi ya kukisanifisha, kupanga tahajia na kupitisha vitabu.

Kimvita kilipoteza mechi kikiwa nyumbani.

Usinielewe vibaya. Sisemi walikosea. Kiswahili sanifu ndicho kinachofanya msichana wa Kisumu, jamaa wa Bukoba na mimi wa Mji wa Kale tuelewane bila mkalimani, na ndicho ninachokuandikia sasa hivi. Wala si lugha ya kubuni kama ya maelfi, manake ilitoka midomoni mwa watu wa Unguja. Ila kuna mkono wa binadamu ndani yake. Watu walikaa mezani wakachagua hili liingie na lile libaki nje. Na lililobaki nje, kizazi kimoja tu baadaye, likaanza kuitwa kosa.

Hapo ndipo wino mwekundu wa insha yangu ulipotoka. Mwalimu wangu hakuwa mbaya. Alifuata kitabu, na kitabu kilifuata kamati. Bibi yangu yeye alifuata bibi yake.

Krapf pia sitamfanya malaika. Alikuja kubadilisha dini za watu, na maandishi yake yana dharau za Mzungu wa zama zake juu ya Uislamu na juu ya mila za Wamijikenda. Utakutana nazo ukimsoma, na zitakukera. Lakini mtu huyohuyo alikaa na kadhi akauliza, akasikiliza, akaandika alichoambiwa. Maneno yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya watu wa mji huu ambao majina yao mengi hatuyajui, wavuvi, akina mama, mafundi wa majahazi, waliovumilia maswali ya mgeni mwenye homa.

Mwezi uliopita nilimrudia yule jamaa yangu wa Kibokoni. Nilimwomba kitu kimoja. Kwa kuwa ana uvumilivu wa kukariri maneno ya maelfi weusi, aende kwa bibi yake na simu, amrekodi akitaja vyombo vya jikoni, samaki na upepo, kwa matamshi yake, bila kumsahihisha. Alinitumia sauti ya dakika kumi na mbili. Mwishoni bibi anasikika akimwita mjukuu wake aje ale, na anamwita kwa Kimvita, ndoo. Mwenzangu akadhani ametumwa ndoo ya maji, akaenda kuitafuta uani.

Bibi alicheka mpaka sauti ikakatika. Rekodi tumeiweka. Yangu mimi sina ya kuweka, kwa sababu bibi yangu alitangulia kabla sijapata akili hii, na kitu cha mwisho ninachokumbuka kumfundisha ni kwamba ndia ni makosa.

Ukipita Ndia Kuu leo, inua macho usome kibao.